Choreni Kwanza, Wanangu

Wanangu, haya nimeyasema mpaka koo limekauka, na leo nayarudia kwa sababu bado mnaniletea madaftari yaliyojaa majibu, mchoro hata mmoja hamna. Mmepata vyuo, wengine Mlimani, wengine DIT, na mapema tu mtakutana na uchambuzi wa saketi. Hapo wengi hujikwaa, na kinachowakwaza ni haraka.

Kirchhoff alitoa kanuni zake mwaka 1845 akiwa mwanafunzi wa miaka 21, rika lenu. Mkondo unaoingia kwenye fundo ndio unaotoka. Na ukizunguka kitanzi chochote mpaka ukarudi ulipoanzia, volti zilizopanda na zilizoshuka zinafutana. Mnazikariri usiku, mnazitema kwenye mtihani, basi.

Tazameni hapa hapa Dunda. Mtu ana luku nyumba ya mbele, anataka umeme kwenye banda la uani, mita 40. Fundi anavuta waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Nikiwauliza ukinzani wake mnanijibu, "Sifuri, mzee, ule ni waya tu." Kitabuni sawa. Uani waya huo una takriban omu 12 kwa kilomita, na umeme huenda ukarudi, kwa hiyo hesabuni mita 80: karibu omu 1. Pitisheni ampea 10. Volti 10 zimeishia njiani, na wati 100 zinapasha waya moto bure, naye mwenye luku anazilipia.

Thévenin wa Ufaransa, mtu wa telegrafu, alionyesha mwaka 1883 kwamba mtandao wa namna hiyo, ukiutazama kutoka matundu mawili, ni sawa na chanzo kimoja na ukinzani mmoja. Pimeni soketi ikiwa tupu, tuseme volti 228. Washeni hita ya ampea 8, zikashuka hadi 212. Gawanyeni 16 kwa 8: omu 2. Ukuta hamjaubomoa, na mmejua kilichomo.

Omu hizo zikizidi zile za waya, tafuteni kiungo kibovu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, skrubu zinaota kutu. Kiungo chenye nusu omu, kwa ampea 10, hutoa wati 50 mahali padogo kama punje ya kunde. Plastiki ya soketi hugeuka kahawia kwanza, harufu hufuata. Mkiiona rangi hiyo, zimeni.

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kuna kifaa kwenye boksi la umeme kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Kwa kanuni ya kwanza lazima iwe sawa. Zikikosekana miliampea 30, basi kuna njia ya tatu, pengine mwili wa mtoto aliyeshika friza ya samaki, miguu peku kwenye sakafu yenye maji. Kifaa kinakata. Nyumba nyingi hawakiweki, wanasema ni ghali.

Haya, shikeni karatasi. Choreni friza hiyo, mtoto, sakafu, na njia yote ya mkondo kupita ardhini mpaka kwenye transfoma, ambako nyutro imefungwa na ardhi. Namba msiandike bado. Nitapita kwa kila mmoja, taratibu, niangalie kitanzi kimefunga wapi.