Punyeto na Siha: Tulivyowatisha Vijana Wetu

Jambo tunaloliandika leo ni la haya, na wako watakaoona afadhali tungelinyamazia. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, nasi hatuoni kwa nini iwazuie vijana wa Kitengela, mji uliohesabiwa watu zaidi ya 150,000 mwaka 2019, ambamo vijana wengi wamepanga chumba kimoja kimoja mbali na wazee wao.

Mmoja wa vijana wa darasa letu, mfanyakazi wa kiwandani, alikuwa akiahirisha nikaha yake kwa miaka miwili. Tulidhani ni mahari. Mwishowe alimweleza mwenzetu ya kuwa tangu kubaleghe alikuwa na mazoea ya istimnaa, yaani punyeto, na kwamba aliambiwa mwenye tabia hiyo hukaukwa na uti wa mgongo, macho yake hufifia, wala hapati mtoto. Hakutaka kumdhulumu binti ya watu. Mshahara wake ulikuwa ukiishia kwa wauza dawa za nguvu za kiume, wale ambao matangazo yao hubandikwa juu ya nguzo kandokando ya barabara. Tulipomuuliza ni nani aliyemwambia hayo, aliinamisha kichwa akasema, "Ni hapa hapa darasani, masheikh wangu."

Basi na tuseme kweli. Khofu hii haikutoka katika Qur'ani. Mmoja wa walioieneza sana ni tabibu wa Uswisi, Tissot, aliyeandika kitabu mwaka 1760 akidai kwamba kupotewa na manii hudhoofisha mwili kuliko kupotewa na damu nyingi. Madaktari wa Ulaya waliishika kauli hiyo zaidi ya miaka mia, kisha wakaitupa kwa kukosa ushahidi. Wao wameitupa, sisi tumeiokota tukaivisha kilemba.

Matabibu wa leo wasema kwamba mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu kila siku, na mbegu huchukua yapata miezi miwili na nusu kukomaa. Si akiba iliyowekwa mara moja ikaisha. Punyeto haipofui, haitii wazimu, wala haiondoi uzazi. Madhara huja pale mtu anapotawaliwa nayo hata akakosa usingizi, akachelewa kazini, akajichubua, akawakimbia watu. Na yaliyo mazito zaidi ni ya moyo, kwa mtu anayejiona ameharibika. Wala tusiende upande wa pili tukaiita dawa.

Hukumu ya sheria ni mlango mwingine. Sisi wafuasi wa Imam Shafii twajua kuwa ni haramu, kwa aya za mwanzo za Suratul-Muuminun. Ibn Hazm hakuiharimisha, na wako Mahanbali walioiruhusu kwa mwenye kuchelea zinaa. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza vijana kwenye ndoa, na asiyeweza afunge. Hakuwatisha kwa upofu. Nasi kwa vitisho vyetu tumemzuilia kijana wetu hiyo ndoa yenyewe!

Tutaulizwa: mkiiondoa khofu hii, je, hamkufungua mlango? Twajibu kwamba anayejizuia kwa kuogopa upofu ataacha kujizuia siku atakapoona macho yake ni mazima. Na siku hiyo atayatilia shaka na yale mengine tuliyomfundisha, yaliyo ya kweli.

Wawili kati yetu walifuatana naye hadi Kajiado kwa daktari. Akapimwa, akakutwa mzima, akaambiwa alale mapema na asinunue tena chupa za barabarani. Njiani kurudi hakusema neno mpaka Isinya, kisha akatuuliza kama twamjua mshenga mzuri. Posa imekwisha pelekwa. Chupa mbili zilizosalia alituachia darasani; hatukujua la kufanya nazo, tukazimwaga.