Waya wa Bluu

"Samahani wakuu, waya wa bluu ni nyutro au ni fezi?" Swali hilo liliingia jioni moja katika kundi la WhatsApp la mafundi umeme, wengine wao wakazi wa hapa Niboye, Kigali, na majibu hayakukawia. Wa kwanza alituma vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. Wa pili akaandika: rudi shule. Wa tatu, fundi mwenye kibali na gari la kazi, akakumbusha kwamba Google haina kiingilio. Kijana akafuta ujumbe wake. Swali lenyewe hakuna aliyelijibu.

Tulitazame basi, maana waliocheka hawakulitazama. Katika nyaya za kisasa za Ulaya, bluu ni nyutro, kahawia ni fezi, na kijani chenye mstari wa manjano ni ethi. Kila mwanafunzi hulikariri hilo. Lakini Uingereza ilibadili rangi zake juzijuzi tu: mpya ziliruhusiwa mwaka 2004 na zikawa lazima mwaka 2006. Kabla ya hapo nyutro ya Mwingereza ilikuwa nyeusi, na katika umeme wa fezi tatu, fezi zilikuwa nyekundu, manjano na bluu. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi utaratibu huo, na majumba yaliyofungwa nyaya kwa mtindo ule bado yana watu ndani. Rwanda, iliyokuwa chini ya Ubelgiji hadi 1962, ilifuata mazoea ya Ulaya bara; ndiyo maana soketi zetu zina matundu ya mviringo, na mgeni wa kutoka Kampala huteremka na chaja isiyoingia ukutani. Baina ya pande hizo mbili kuna mafundi wanaovuka mipaka ya Gatuna na Rusumo na mazoea yao kichwani. Kuna pia yule aliyeishiwa waya mwekundu Jumamosi jioni, mwenye nyumba anamsimamia, akamalizia kazi kwa wa bluu.

Sasa mpeleke fundi anayeamini kuwa bluu ni nyutro daima mbele ya boksi la zamani la fezi tatu. Ataliunganisha jokofu kati ya fezi mbili. Jokofu la volti 230 litapokea karibu volti 400, na mwenye nyumba atanunua jingine. Kwa hiyo jibu la haki kwa yule kijana lilikuwa: inategemea jengo, usiamini rangi, chukua testa upime. Swali lililoonekana la darasa la kwanza ndilo ambalo fundi wa miaka ishirini anapaswa kujiuliza kila anapofungua boksi asilolifunga yeye.

Nashuku kwamba wale watatu hawakuwa na jibu hilo. Walikuwa nalo lile la kukariri, wakatosheka nalo. Kicheko kina faida hiyo kwa anayekitoa: kinampa ukubwa bila kumtaka aonyeshe kazi. Kwenye kundi lenye watu mia mbili, mtu mmoja akiuliza na watatu wakicheka, huwezi kujua ni wangapi kati ya waliobaki kimya walikuwa wanalisubiri jibu lile lile. Husemwa kuuliza si ujinga. Mafundi huimalizia methali hiyo kimoyomoyo: inategemea umeuliza nini, na umeuliza mbele ya nani.

Uhaba wa watu wa kuuliza una historia yake hapa. Niboye ndipo kilipo chuo cha ufundi ambacho wengi wanakijua kama IPRC Kigali, kilichorithi shule ya zamani ya ETO Kicukiro. Shule hiyo inajulikana kwa jambo zito zaidi kuliko umeme. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka hapo, wakawaacha watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia shuleni, na wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo baada ya kuswagwa hadi Nyanza, mlima wa jirani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliondoa watu, na pamoja na watu yaliondoa walimu, wazee wa karakana na mafundi ambao vijana wangekwenda kuwauliza. Waliojifunza kazi miaka iliyofuata walijifunza wakiwa na wachache wa kuwageukia. Kisha mwaka 2008 serikali ikaamua kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kijana anasoma kitabu cha Kiingereza, bosi wake anamwelekeza kwa maneno ya Kifaransa, mteja anamweleza hitilafu kwa Kinyarwanda, na kundi la simu linaongea Kiswahili kwa sababu wamo Wakongo na Waganda. Mtu wa namna hiyo akiuliza jambo la msingi, kumwambia akasome ni kumtuma asikojua aanzie neno gani.

Hata hivyo nisiwaonee wakubwa. Kujibu kunachosha, na kuna maswali yanayokera kwa haki. Kila wiki mtu huuliza kwa nini mita yake ya kulipia kabla, Cash Power, inakataa tokeni, na mara nyingi kati ya zile namba ishirini amekosea moja. Mwingine hutuma picha ya giza la dari na kuandika "hii vipi?" Wakala wa Irembo, huduma za serikali za mtandaoni, hujibu mtaani jambo lile lile kutwa nzima, lakini ndiyo kazi yake na huondoka na chochote. Fundi wa kundini hujibu bure, akiwa juu ya ngazi. Wanaosema hakuna swali la kijinga wanatia chumvi. Swali la uvivu lipo: ni lile ambalo muulizaji hakupima, hakusoma kibandiko cha mashine, wala hakusema alichojaribu. Huyo anastahili kurudishwa, ila arudishwe na kazi ya kufanya.

Watu wa kompyuta walilipitia jambo hili mapema na kwa ukali zaidi. Tangu miaka ya 1980 makundi yao yalikuwa yakikusanya majibu ya maswali yanayojirudia ili wazee wapumzike, na papo hapo wakajenga desturi ya kumfokea mgeni akasome kitabu, tena kwa tusi. Mwaka 2001 Eric Raymond aliandika mwongozo mrefu wa namna ya kuuliza vizuri. Una busara nyingi, nakiri, ingawa karibu mzigo wote umetwishwa muulizaji. Stack Overflow, iliyoanza mwaka 2008, ilikuja kuwa hazina ya majibu ya waandika programu duniani kote, na mwaka 2018 uongozi wake ulikiri hadharani kwamba wageni hawakaribishwi vizuri. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na maswali mapya pale yakaporomoka. Sababu ni zaidi ya moja, lakini moja inaeleweka hata kwa mtoto: mashine haikucheki.

Vijana wa umeme nao wameshahamia huko, wakiuliza usiku, peke yao. Siwalaumu. Ila mashine haikuingia katika nyumba unayoiulizia na haijui aliyeifunga nyaya alitoka Mbarara au Bujumbura. Itakuambia bluu ni nyutro kwa adabu kubwa. Mtu aliyefanya kazi mitaa hii angekuuliza kwanza jengo ni la mwaka gani. Ujuzi huo uko vichwani mwa watu, na hutoka pale tu mtu anapoulizwa. Kundi linalowanyamazisha wanaoanza linabaki na wakubwa wanaotumiana salamu za Ijumaa na matangazo ya kuuza dreli.

Kundi jingine ninalolijua, la mafundi wa sola, lina utaratibu ambao sijauona uandikwe popote. Swali la anayeanza hujibiwa kwanza na aliyeingia mwaka uliopita. Wakubwa husubiri, na akikosea humsahihisha. Mantiki yake ni nzuri: wa mwaka jana bado anakumbuka alipokwama, ilhali wa miaka ishirini ameshasahau kwamba pale pana shida. Akijibu, naye anagundua asichokijua sawasawa. Muulizaji anatakiwa vitu vitatu tu: picha yenye mwanga, alichopima, na alichojaribu. Asiyetoa huombwa atoe, basi, hasomewi hotuba.

Wakuu wenye vibali vya RURA, mamlaka ya udhibiti, mlioshika koleo kabla ya hawa vijana kuzaliwa, jaribuni utaratibu huo kwa mwezi mmoja katika makundi yenu. Mkiona swali limerudi mara ya tatu, andikeni jibu lake vizuri mara moja, mlibandike juu ya kundi, na anayeliuliza tena mpelekeeni bila kikaragosi.