Aliyehamishwa na Sabufa

Katika nyumba moja ya kupanga huko Manzese, Dar es Salaam, wapangaji wanne walikuwa wakichangia LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila chumba elfu kumi kwa mwezi. Mshika fedha alikuwa mama wa chumba cha mbele, muuza barafu za ubuyu. Uniti zilipoanza kuisha mapema, hakuna aliyekwenda kutazama mita. Macho yote yalielekea mlango wa kijana fundi simu, maana sabufa yake ilisikika mpaka barabarani.

"Umeme wote anaumaliza huyu," mama alisema koridoni, makusudi asikike.

"Mama, sabufa hii ni wati hamsini tu," kijana alijitetea.

Hakuna aliyemsikiliza. Akaambiwa mchango wake sasa ni elfu ishirini. Alilipa mwezi mmoja. Wa pili akapakia godoro kwenye bajaji, akahama.

Nyumba ikatulia, lakini uniti zikaendelea kuyeyuka, na waliobaki watatu wakabeba na pengo lake. Ndipo mshona nguo wa chumba cha uani alipomwita fundi umeme.

Fundi hakugusa waya. Aliwaambia wazime kila kitu, akasimama mbele ya mita. Usoni mwa mita iliandikwa kwamba taa nyekundu ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Taa haikupepesa hata mara moja: hapakuwa na umeme unaovuja wala aliyejiunganishia kwa siri. Wakaanza kuwasha kimoja kimoja. Pasi ya mshonaji, ya wati 1,000, iliipepesa taa karibu mara 17 kwa dakika. Ilipozimwa, taa ikatulia. Friji ya mama iliipepesa mara mbili tatu tu kwa dakika, ila haikukoma. Saa nzima ikapita, friji bado inanguruma.

Fundi akabana noti ya elfu moja kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikatoka bila kukwama. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika. Baridi inatoka, joto linaingia, kompresa haipati kupumzika.

"Hii ni wati 150, na inakesha," alisema. "Kwa saa 24 inakula uniti 3.6. Sabufa ya wati 50 ikipigwa saa tano, ni robo uniti."

Mama akanyamaza, kisha akaomba namba ya yule kijana. Kijana alikuwa ameshapata chumba kwingine.

Funzo la kwanza: umeme haupimwi kwa sikio. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, utapata uniti. Ukipiga hesabu hiyo utaona kuwa walaji wakubwa ni vyombo vya joto, kama pasi, birika na jiko la umeme, pamoja na vile vinavyokesha. Kwa hiyo piga pasi nguo nyingi kwa mkupuo, chemsha maji ya kutosha haja tu, badilisha mpira wa friji uliolegea na uisogeze mbali kidogo na ukuta ili ipumue.

La pili: mchango wa sawa kwa vyumba visivyo sawa huzaa manung'uniko. Orodhesheni vyombo vya kila chumba mkubaliane viwango, au kila chumba kifungiwe mita yake ndogo. Kumbukeni pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Uniti zikija pungufu, someni risiti kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, naye aambiwe mapema kwa heshima airudishe au aikate kwenye pango.

Anayemtaja jirani kabla ya kusoma mita huhamisha mtu, gharama akabaki nayo ndani.