Kipande cha Sabuni

Mwaka 2023, kipindupindu kikiwa bado kinazunguka kambi za Dadaab, jirani yetu hapa Dagahaley aliuza sabuni yake sokoni akanunua maziwa. Wiki iliyofuata mtoto wake wa miaka minne alilazwa. Alipona, alhamdulillahi. Lakini kabla hajatoka wodini, mtaa ulikuwa umeshahukumu: "Si ni yeye aliuza sabuni? Tabia yake ndiyo hiyo."

Mimi pia nilisema hivyo. Tangu hapo neno hilo, tabia, limenikwama kooni.

Tusidanganyane, tabia ina uzito. Kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza magonjwa ya kuhara. Mvutaji sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu na kufa nacho. Korona ilipoingia 2020, wenye kisukari na wenye unene wa kupindukia walizidiwa kuliko wengine. Kwa hiyo siwezi kusema kila ugonjwa ni kudra, halafu niwashe sigara nyingine.

Lakini kipindupindu kina mambo yake. Wenye damu ya kundi O wakikipata huugua vibaya zaidi. Nani alichagua damu yake? Mtoto mwenye utapiamlo huishiwa nguvu upesi. Nani alichagua ukame? Kambi hizi zilianza 1991 zikipangiwa watu 90,000. Kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Ukame wa 2022 ulileta maelfu wengine kutoka Somalia, wakajenga pembezoni, ambako vyoo na maji havikutosha.

Sasa wewe uliye Nairobi, unayenawa kila ukitoka chooni kwa sababu bomba liko hatua mbili: hiyo sifa ni yako au ya fundi wa bomba? Tabia ni jambo unalolirudia kwa sababu unaweza kulirudia. Palipo na kipande kimoja cha sabuni na mtoto mwenye njaa, hapo hakuna tabia. Kuna hesabu tu.

Nilidhani kwa kusema hivyo namtetea jirani. Siku moja nikamwambia: haikuwa kosa lako, hukuwa na la kufanya. Akanikatiza.

"Walaal, nilijua. Mdogo alikuwa analia njaa, na huyu mkubwa alikuwa bado mzima. Nilichagua."

Alikataa lawama zetu, na akakataa pia huruma yangu. Nikaelewa kwamba kuna kuwajibika na kuna kuwa na hatia, na si kitu kimoja. Yeye aliwajibika: alipima hatari mbili akabeba moja. Mimi kumwambia hakuwa na la kufanya ni kumfanya jiwe linalosukumwa na mafuriko.

Basi hatia iko wapi? Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, hakijui ua wa miba unaotenganisha boma lake na letu. Mikono ya mtoto wake ingeweza kumuua mtoto wa kwetu. Sabuni yake ilikuwa kinga yangu pia, na bado tuliihesabu kuwa shida yake peke yake.

Siku aliyouza, ndani kwetu kulikuwa na vipande viwili. Alipita mlangoni akiwa na chake mkononi, tukasalimiana. Mpaka leo hakuna aliyeuliza kuhusu tabia yangu mimi.