Mwani Haukomai Nyumbani



Kijana mwenzangu, leo naanza na habari yangu mwenyewe. Kuna Kwaresima moja nilijiwekea ahadi nyingi: rozari kila siku, kufunga, na ile dhambi yangu ya siku zote niiache kabisa. Wiki ya pili tu, nikaanguka. Nikaona aibu, nikaacha Komunyo, nikaacha na Kitubio. Nikajisemea, "Nitarudi nikishajirekebisha." Miezi ikapita.

Siku moja nilikuwa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na akina mama wameinama wanafunga mwani. Kazi yenyewe ni hii: unafunga vipande vya mbegu kwenye kamba, kamba unaifunga kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, unaondoka. Maji yanajaa. Baada ya wiki sita hivi unavuna.

Nikamwambia mmoja wao, "Shikamoo mama. Mwani unakua?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mie nnafunga tu. Kukuza si kazi yangu."

Mama yule ni Muislamu, wala hakujua ninachopitia. Lakini neno lake lilinifuata mpaka nyumbani.

Tazama, bahari haipwi kwa amri yake. Mbegu haikui kwa jasho lake. Ila maji yakipwa naye akabaki kitandani, hatavuna kitu. Mambo mawili hayo, na Kanisa linayashika yote mawili.

Zamani alikuwepo Pelagio, aliyefundisha kuwa mtu anaweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe. Aliyempinga sana ni Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, ambaye mwenyewe alihangaika miaka mingi na tamaa zake. Alijua nguvu zetu zinaishia wapi. Baadaye, mwaka 1547, Mtaguso wa Trento ukafundisha wazi: hatua ya kwanza ni ya neema, bila mastahili yetu, lakini mtu anaipokea kwa hiari yake na kushirikiana nayo. Ndivyo Paulo anavyowaambia Wafilipi (2:12-13): fanyeni bidii, kwa kuwa Mungu mwenyewe yumo ndani yenu akifanya kazi.

Sasa kosa langu lilikuwa wapi? Nilitaka nitakate kwanza, ndipo niende kwa Mungu. Jamani, hiyo ni sawa na kusubiri mwani ukomae nyumbani ndipo uupeleke baharini!

Jumamosi moja nikaenda Minara Miwili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe. Moyo ulidunda. Sikuwa nimejirekebisha hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni dhambi zangu tu. Padri akaniondolea. Leo naelewa kwamba hata ile hamu ya kurudi ilikuwa neema ikinivuta.

Je, sijaanguka tena? Nimeanguka. Hata mwani, maji yakizidi joto, hufa. Mama anachukua mbegu nyingine, anarudi kufunga. Na mimi sikai tena miezi.

Wewe unayesoma hapa unasubiri nini? Nenda wiki hii, nenda ulivyo.

Tuombe: Ee Bwana, umeanza wewe kunitafuta. Nipe miguu ya kukujia, na kila nikianguka, nipe moyo wa kurudi. Amina.