Mtoto na Kinanda

Je, yafaa kumwacha mtoto ajifundishe kinanda nyumbani, bila mwalimu? Sisi twaikumbuka njia ya misafara iliyopita hapa Tabora kwenda pwani. Katika karne ya 19 watoto wa Kinyamwezi waliuzoea upagazi wangali wadogo, kwa kuchukua pembe ndogo ya ndovu. Darasa halikuwapo, bali watu wazima walikuwapo, wakiona jinsi mzigo ulivyokaa begani.

Basi mtoto anayetafuta kwa sikio wimbo alioupata kanisani Jumapili, tusimfukuze, ijapokuwa (twakiri) makelele yale huchosha. Lakini mkono una vidole vitano, na toka do hadi do ya juu ni sauti nane. Asiyeonyeshwa kupitisha gumba chini ya vidole vingine hukwama katikati, akazoea kurukaruka. Na mazoea hayo ni taabu kuyang'oa. Wazazi wengine hudhani kumwacha mtoto huru na kumwacha peke yake ni mamoja, maana yote mawili hayana ada. Mpiga kinanda wa parokia aweza kumwonyesha jambo hilo la gumba baada ya Misa. Na baba asiyejua hata sauti moja aweza kuketi karibu, akasikiliza.