Ujira wa Kilicho Chini ya Plasta

Katika Suratul Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, Nabii Musa anafuatana na mja mwema wa Mwenyezi Mungu ambaye Hadithi zinamtaja kwa jina la Khidhri. Yule mja anatoboa jahazi, anamuua kijana, kisha wanafika katika mji ambao wenyeji wake wanawanyima hata chakula. Humo humo anakuta ukuta unaotaka kuanguka, naye anausimamisha. Musa anashangaa: si angedai walau ujira? Mwishoni tunaelezwa kwamba chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili.

Mawaidha niliyoyasikia juu ya kisa hiki tangu utotoni huishia kwenye subira, kwamba binadamu asiharakishe kuhukumu asiyoyajua. Ni kweli. Lakini mwaka huu nimekisoma nikiwa na mifuko ya saruji uani, na nimeona jambo jingine. Katika matendo yale matatu, mawili hayaigiki. Hakuna muumini mwenye ruhusa ya kutoboa mtumbwi wa mvuvi au kuua mtoto wa mtu kwa madai kwamba ameonyeshwa ya ghaibu. La tatu linawezwa na kila fundi mwenye mwiko na timazi. Basi nauliza: kazi njema iliyofichwa, ambayo mwenye kunufaika nayo hataiona kamwe, ni deni la nani?

Nina kijumba cha chumba na sebule nilichoachiwa na mama hapa Chato, mwendo mfupi kutoka ziwani, cha tofali za kuchoma zilizojengewa kwa tope. Nilitaka kiwe cha kisasa, choo ndani, marumaru sakafuni, dirisha pana, nimpangishe mmoja wa wauguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kijana wa mapambo kutoka Mwanza alinichorea dari ya jipsamu ya ngazi mbili, yenye taa zilizofichwa pembeni. Nzuri kweli. Niliipenda na bado naipenda.

Fundi alipobandua plasta juu ya mlango, hapakuwa na lenta. Palikuwa na kipande cha mti kilichotafunwa na mchwa, na tofali zilizokuwa zikishikana kwa mazoea tu. Dirishani hivyo hivyo. Fundi mwenyewe ni Msukuma, muumini wa kanisa la AIC, na kabla ya ujenzi alifanya kazi kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, akipanga matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo zisiwafukie waliomo chini. Angeweza kuziba pale kwa plasta safi, akapiga skimu na rangi, akachukua chake akaenda. Badala yake aliniita, akanionyesha kwa ncha ya mwiko, akasema, "Mama, pesa ya jipsamu itaishia kwenye nondo."

Nikamwambia ukuta huo umesimama tangu mama yangu akiwa hai. Akanikumbusha tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoangusha nyumba za watu Bukoba, kwa majirani zetu wa Kagera. Kisha akanitajia Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambamo anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo kwenye paa, asije mtu akaanguka na nyumba ile ikabeba damu yake. Nilinyamaza. Sheria ile ililetwa na Musa yule yule aliyestaajabia ukuta. Bati zikaezuliwa, kozi za juu zikashushwa, mkanda wa zege na nondo ukazungushwa nyumba nzima, plasta ikafunika kila kitu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wacha Mungu wengi ninaowaheshimu. Wakimpata fundi mwaminifu husema atalipwa na Mungu, na nimesikia neno hilo likitumika kushusha bei: fundi, fanya kwa thawabu. Khidhri aliacha ujira kwa hiari yake mwenyewe. Waliokuwa na wajibu wa kumpa kitu ni watu wa mji ule, nao kisa kinawataja kwa kunyima. Mtume ameagiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, anayemtumia kibarua kisha asimlipe atamkuta Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye mgomvi wake Siku ya Kiyama. Thawabu iko kwa Mungu. Ujira uko kwangu.

Na ujira wa kisichoonekana nauona mzito zaidi. Dari ya jipsamu hupigwa picha ikamletea fundi wateja wengine. Lenta haimletei hata mmoja. Bei ya marumaru tulivutana kama ilivyo desturi. Ya lenta sikuigusa, kwa sababu ukimbana fundi bei ya kazi itakayofunikwa, unamwelekeza mahali pa kuiba: nondo itapungua, saruji itapungua, na mchanga utajaza pengo.

Kinachotugawa nyumbani sasa ni kodi. Binti yangu anataka gharama ya lenta iingie humo. Nimekataa. Choo cha ndani, marumaru na dirisha nimevitoza, kwa kuwa mpangaji ameviona na amevichagua. Kutokuangukiwa na ukuta usingizini hakuchagui mtu. Ni haki yake tangu siku niliyompa ufunguo, na aliyeamriwa kuweka ukingo kwenye paa hakuambiwa awatoze wageni. Binti anasema kwa hesabu hizo pesa yangu itachelewa sana kurudi. Itachelewa. Sebule ina silingi bodi iliyopakwa rangi nyeupe, jipsamu itangoja, na muuguzi amelipa ya miezi sita.